Kodi Ilitoka, Bei Haikushuka

Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Kwa kuwa kodi hiyo ni asilimia 18, simu ya shilingi 236,000 ilitarajiwa kuuzwa 200,000. Mwaka mmoja baadaye msamaha ukafutwa, kwa maelezo kwamba bei hazikushuka kama ilivyokusudiwa. Mitaani hukumu ilikuwa imeshatoka: wafanyabiashara wamekula. Toleo hili linaikataa hukumu hiyo, si kwa kuwatetea wenye maduka wa Barabara ya Sokoine hapa Arusha, ambao hawahitaji wakili, bali kwa sababu inatupeleka kutafuta dawa mahali pasipo na ugonjwa.

Tuukumbuke mwaka wenyewe. Uviko-19 ulikuwa umepandisha nauli za makontena mara kadhaa, na viwanda duniani kote vilikuwa vikigombea chipu. Mwagizaji wa Arusha, hata angetaka, angeongeza mzigo kutoka wapi? Simu zikiwa zilezile na wanaozitaka walewale, bei ya kuzimaliza dukani ni ileile, kodi iwepo isiwepo. Unafuu wa namna hiyo huishia njiani, kati ya kiwanda, meli na mwagizaji.

Wachumi wana neno lao, unyumbufu: bei ikisogea, mnunuzi na muuzaji nao wanaweza kusogea kiasi gani? Mwishoni mwa Machi 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa Arusha na Moshi, miezi mitatu baada ya Dar es Salaam, mwenye runinga ya zamani hakuwa na pa kusogea. Bila king'amuzi aliona chenga tupu. Ving'amuzi vingepanda bei maradufu, wengi wangelalamika na wangelipa. Flati ya pili, yaani runinga bapa ya chumbani, ni habari nyingine: ikipanda kidogo tu, mkulima wa Nkoaranga anasubiri fedha za kahawa, au anaachana nayo kabisa.

Simu zina ujanja wake. Kaunta inaonyesha Tecno, Infinix na itel, mteja anaamini ana washindani watatu wa kuwapambanisha. Zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen. Mwenye nguvu ya kweli dukani ni mteja mwenye fundi mzuri, kwa sababu kioo kikipasuka anabadilishiwa, anakaa na simu yake mwaka mwingine, na muuzaji analijua hilo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia mwezi Juni 2016 ilikuwa na sababu nzuri, lakini njia moja ya kukwepa bei ilifungwa kwa usiku mmoja, na aliyeumia zaidi ni mwenye kipato kidogo.

Kwa hiyo, kabla hatujaomba msamaha mwingine wa kodi, tungependa mjadala uanzie kwenye spea, na kwenye idadi ya watu wanaoweza kuagiza mzigo.

Jaribio lingine linakuja. AFCON 2027 imepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha, yenye uwanja wake Olmoti, ni mwenyeji. Flati zitatakiwa sana. Tofauti na chipu za 2021, safari hii kila mwagizaji anajua mapema wateja watakuja lini, na kontena lina muda wa kutosha kufika. Sisi hatutarajii bei kupaa. Atakayeficha mzigo akisubiri mechi ya ufunguzi huenda akakuta jirani yake ameshauza mtaa mzima.