Mambo ya Nyumbani: Chungu cha Ulezi na Viazi vya Maua

Mwezi huu yafaa tuzungumze habari za vyakula na vinywaji vya kale vya nchi yetu ya Songwe, tangu Mbozi hata Ileje, na tangu Momba hata mpakani Tunduma. Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya jikoni tu, hayana haja ya kuandikwa. Lakini afya ya watoto hutoka jikoni, na fedha ya nyumba nyingi huishia jikoni. Basi si mambo madogo.

Chakula cha wazee hupotea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kudharauliwa. Watu huona haya kukila, wakakiacha. Njia ya pili ni kupendwa kupita kiasi. Watu hukitafuta mpaka kinakwisha porini. Hapa kwetu tunazo njia zote mbili, nami nitazieleza moja moja.

Kwanza, ulezi. Vijana wengi wadhani kwamba ugali wa mahindi ndio chakula cha asili yetu. Sivyo. Mahindi yalitoka Amerika, nayo yalifika pwani ya Afrika baada ya Wareno kuanza kuzizunguka bahari zetu. Ulezi ndio mwenyeji. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, tena ni kutoka Afrika ulikofika India, zamani za kale sana. Wazee wa Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali waliulima wakapika ugali mweusi, na uji, na kinywaji. Tena walijua sifa yake moja kubwa: punje zake ni ndogo mno, wadudu hawaziharibu upesi kama waharibuvyo mahindi, na ukiwekwa vizuri ghalani hukaa miaka mingi. Mwenye ulezi ghalani hakuogopa mwaka mmoja wa jua kali.

Wenye elimu ya vyakula wameupima, wakaona kwamba katika gramu 100 za ulezi mna kalisi, yaani madini yajengayo mifupa, miligramu zipatazo 340. Maziwa ya ng'ombe ya uzito uo huo yana miligramu 120 hivi, na mahindi yana kidogo sana. Mataifa yote yaliuweka mwaka 2023 kuwa mwaka wa kuzikumbuka nafaka za namna hii. Basi ni ajabu kwamba mama anayo akiba hiyo shambani, naye auza ulezi wote kwa bei yoyote ili anunue unga mweupe uliokobolewa, usiobaki na nguvu nyingi.

Kwa nini ulezi ulidharauliwa? Sababu moja ni kazi yake; palizi yake ni ngumu, maana magugu mengine yafanana nao, na kuvuna ni kukata suke moja moja. Sababu ya pili ni pombe. Zamani mtu aliyetaka kulimiwa shamba lake aliwaita majirani, naye aliwapikia pombe ya ulezi. Wakalima asubuhi, wakanywa jioni. Wamisionari wa Moravian walipofika Mbozi mwaka 1899, na wengine walipofika sehemu nyingine, walikuta desturi hiyo. Waliona nyumba zinazoharibika kwa ulevi, na makanisa mengi yakakataza pombe. Makatazo hayo yalikuwa na maana yake, wala sitaki kuyapunguza. Lakini wako watu waliodhani kwamba kukataa pombe ni kukataa ulezi wenyewe, nao wakatupa chungu pamoja na kilichomo.

Sikilizeni, maana hapa pana jambo la kufahamu. Chungu cha togwa na chungu cha pombe huanza kama ndugu wawili wa mama mmoja. Kinachowatenga ni siku. Mama hulowesha ulezi usiku kucha, huumwaga maji, huufunika mahali pa joto siku mbili tatu mpaka uote, kisha huuanika juani na kuusaga. Hicho ndicho kimea. Kisha hupika uji, huuacha upoe mpaka uwe vuguvugu, ndipo hutia unga wa kimea na kukoroga. Uji ukiwa moto sana, nguvu ya kimea hufa, na kazi yote ni bure. Lakini ukiwa vuguvugu, baada ya saa chache uji mzito huwa mwepesi na mtamu, ingawa hakutiwa sukari hata chembe. Maana kimea huugeuza wanga kuwa sukari. Hiyo ni togwa. Kesho yake huwa na ukali kidogo, nayo hukata kiu ya mtu aliyelima. Ukiiacha siku nyingine zaidi, chachu huila ile sukari na kuigeuza kileo, nayo ni pombe.

Basi chungu ni kile kile. Siku ya kwanza ni cha mtoto, siku ya pili ni cha mkulima, na baadaye ni cha mlevi. Mama mwenye akili hajui kupika tu, ajua na kuhesabu siku. Naye awezaye kuwaita majirani kulima akawapa togwa, ugali na maharage, ameitunza desturi njema ya kusaidiana, ameuacha ulevi peke yake.

Faida ya kimea haiishi hapo. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Uji mzito hauwezi kumalizika, na uji uliotiwa maji mengi hauna nguvu. Kijiko kidogo cha kimea hufanya uji mzito uwe mwepesi bila kuongezwa maji, mtoto akapata chakula kingi kwa kikombe kidogo. Tena kuotesha nafaka huufanya mwili uyapate madini yake kwa urahisi zaidi. Lakini mama na aangalie mambo mawili. Kimea kilichoota ukungu kitupwe, kisipewe mtu wala mfugo. Na uji wa mtoto ukiisha kutiwa kimea urudishwe motoni uchemke tena, ili uchafu wa kimea usimdhuru.

Sasa nageukia njia ya pili, yaani chakula kinachopotea kwa kupendwa. Nanyi wa Tunduma mwakijua: ni chikanda, ambacho wengine hukiita kinaka. Ni chakula cha ndugu zetu wa Zambia hasa, lakini mpaka haukuwatenga Wanyamwanga walioko Tunduma na walioko Nakonde, wala haukutenga vyungu vyao. Hupikwa kwa viazi vidogo vya okidi, maua yale ya porini na ya nyika za milimani. Viazi hukaushwa na kutwangwa; unga wake hutiwa pamoja na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi katika maji yanayochemka, ukasongwa mpaka ushikane sana. Kikiisha kupoa hukatwa vipande kama nyama. Kina ladha njema, na kwa muda mrefu kilikuwa kitoweo cha vijijini, kikiliwa kwa kiasi.

Miji ya Zambia ilipokua, wanunuzi waliongezeka, na viazi vya kwao havikutosha. Wachuuzi wakapanda kwenye milima yetu ya kusini, na Tunduma ikawa mlango wa kupitia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba huenda okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 zilivushwa kila mwaka kutoka Tanzania kwenda Zambia. Kwa sababu hiyo, pamoja na sababu nyingine, nyika ya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, yenye aina zipatazo 45 za okidi, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Tena okidi zote zimo katika mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe vya porini, ulioanza nguvu mwaka 1975; kuzivusha mpaka kwataka kibali.

Mtu atauliza, Kwani viazi haviwezi kupandwa kama viazi vitamu? Jibu ni hili. Okidi hizi huwa na kiazi cha zamani, kilichonyauka, ambacho kimelisha shina la mwaka huu. Na kando yake kiazi kipya kigumu, ambacho ndicho uhai wa mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka kile kipya, na akikitwaa mmea hufa. Mbegu zake nazo ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula ndani yake, haziwezi kuota pasipo kuvu maalumu ya udongoni. Kwa hiyo kuzilima ni kugumu mno.

Mwenye kuku huuza jogoo, huuza na mayai. Lakini hauzi tetea aliyelalia pamoja na mayai yake, halafu akangoja vifaranga. Wasomaji wa Torati watakumbuka pia amri juu ya kiota cha ndege. Akili ya mambo haya ni moja.

Wala sisemi kwamba mchimbaji ni mwovu. Mara nyingi ni mtu maskini wa milimani, na debe moja la viazi humpatia ada ya shule au dawa. Lakini yeye apata kidogo, na kilima kikiisha kuchimbwa hana tena cha kuuza, wala mtoto wake hataliona ua lile. Ni afadhali sisi wanunuzi wa mjini tukile chikanda siku za sikukuu tu, kuliko kukitafuna kila jioni sokoni mpaka kitoweke.

Basi nawaachia mashauri matatu. Wenye nyumba, msiuze ulezi wote. Wekeni gunia moja la watoto. Walimu, pandeni kitalu cha ulezi shuleni, mkawafundishe wavulana na wasichana pamoja kutengeneza kimea, maana bibi wanaokijua wanapungua. Na ninyi wapishi wa Tunduma, mnunuapo viazi vya okidi ulizeni vimetoka wapi, na kwa ruhusa ya nani. Mwuzaji akiulizwa mara nyingi, naye atamwuliza mchimbaji.

Wasalimieni wote wa nyumbani mwenu.