MAJI YA PAA YASICHIMBE MSINGI

Mtaa wa Kiriri umejengwa katika miinuko iliyo juu ya jiji la Bujumbura, ukilitazama Ziwa Tanganyika. Maji yote ya mvua yaangukayo huko hayana budi kuteremka. Mto Ntahangwa, ushukao kutoka vilima vya Mumirwa, umekwisha kula kingo zake mjini na kuhatarisha nyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji na matope kutoka vilimani yalifunika mitaa ya kaskazini ya jiji, na makumi ya watu wakapoteza maisha.

Wengi huulaumu mto. Hata hivyo, makorongo mengine huanzia uani, chini ya mlizamu.

Yafaa ieleweke kwamba mvua ya milimita 30 juu ya paa la mita 100 za mraba huleta lita 3,000 za maji. Yakitoka katika mlizamu mmoja na kuanguka mita 3, hupiga ardhi kwa mwendo upitao mita 7 kwa sekunde.

Udongo wa mfinyanzi haumomonyoki chembe moja moja kama mchanga. Hushikana na kustahimili hadi kiasi fulani. Kikipitwa, hung'oka kwa mabonge. Hatari huzidi mvua zinapoanza baada ya kiangazi. Udongo mkavu wenye nyufa hunywa maji ghafla, hewa iliyomo hubanwa, na bonge hupasuka. Penye mteremko, maji huuchukua udongo huo, na ukingo wa shimo huzidi kurudi nyuma kuelekea msingi wa nyumba.

Basi kabla ya mvua za Septemba, kila familia itimize mambo matatu. Kwanza, chini ya mlizamu pawekwe mawe makubwa juu ya kokoto, ili pigo la maji livunjwe. Pili, maji yaongozwe kwa mtaro wa mawe hadi mfereji wa mtaa. Yasimwagwe ukingoni mwa korongo, kwani jirani wa bondeni ndiye atakayeumia. Tatu, ardhi iliyo wazi ipandwe nyasi.

Askari aendaye lindo la mbali aukague mlizamu pamoja na mkewe kabla ya kuondoka, maana mvua haitamngoja arudi. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.