Dakika Tano za Dukani

"Bosi, hii ina tachi," muuzaji aliniambia, kisha akafanya wanachofanya wote: akapitisha kidole kwenye kioo cha laptopu, picha zikateleza kushoto, akazirudisha kulia. Akanisogezea na mimi nijaribu. Nikajaribu. Ilizidi kwa laki na nusu ile iliyokuwa pembeni yake, na ukiondoa tachi zilikuwa pacha. Nikalipa. Hiyo ilikuwa Kariakoo, miaka minne iliyopita. Tangu siku ile kioo hicho nimekigusa kwa kukusudia labda mara kumi, na nusu ya hizo nilikuwa nafuta alama za vidole nilizoacha mara iliyotangulia.

Sikuibiwa. Tachi ipo na inafanya kazi. Ninachogombana nacho ni ile imani iliyoniingiza mkono mfukoni, ambayo sasa imewafikia hata wazazi wanaowanunulia watoto laptopu za kwenda nazo chuo: kwamba kompyuta isiyoguswa ni ya kizamani, na kwamba kwa kuwa simu ya kupangusa imekishinda kitochi, laptopu ya kugusa nayo lazima iwe imeishinda ya kipanya.

Hebu kaa mezani, laptopu mbele yako, unyooshe mkono mpaka kidole kifike kwenye kioo. Kiwiko kiache hewani. Kaa hivyo mpaka umalize kusoma aya hii na inayofuata. Fundi rangi aliyewahi kupaka dari hana haja ya kujaribu. Wahandisi wa Marekani walikwisha kulipa tatizo hili jina tangu miaka ya 1980. Waliliita mkono wa sokwe, kwa jinsi bega linavyochoka na mkono kuwa mzito mtu akikaa anagusagusa kioo kilichosimama wima. Mwaka 1983 Hewlett-Packard walitoa kompyuta yao ya HP-150, ya mezani, ya kugusa. Kioo chake kilizungukwa na vitundu vya kupitishia miale isiyoonekana kwa macho. Kidole kikikatiza miale, mashine inajua umegusa wapi. Vitundu vikajaa vumbi. Na hiyo ilikuwa huko kwao. Sijui ingekuwaje Dodoma mwezi wa tisa.

Lakini mkono kuchoka ni jambo dogo. Kubwa lilijulikana mapema zaidi, na ninashangaa halisemwi madukani. Katikati ya miaka ya 1960, kule California, Douglas Engelbart na wenzake wa Stanford Research Institute walikuwa wanatafuta namna nzuri ya mtu kuonyesha kitu kwenye kioo cha kompyuta. Walikuwa na kalamu ya mwanga, ambayo unainyanyua ukaigusisha kwenye kioo chenyewe. Walikuwa na kifaa cha kusukuma kwa goti, chini ya meza. Na walikuwa na kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili walichokiunda wenyewe, ndicho kipanya. Wakawapa watu wajaribu, wakapima muda, wakahesabu makosa. Kwa wageni, ambao hawajawahi kushika chochote kati ya hivyo, kalamu ya mwanga ilikuwa na kasi kuliko kipanya. Kwa waliokwisha zoea, kipanya kikaongoza, tena kwa makosa machache. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967.

Soma tena hapo. Kugusa kioo kunampendeza mgeni. Na dukani sote ni wageni: tuna dakika tano, tumesimama, laptopu imewekwa juu ya kaunta usawa wa kifua, hatuna cha kuandika wala hesabu ya kufunga. Katika hali hiyo kidole kitashinda kila siku. Saa nane za kazi, mtu ameketi, vidole viko kwenye kibodi, hazipimwi dukani. Muuzaji anakuuzia jaribio ambalo majibu yake yalijulikana kabla hajazaliwa.

Kuna watakaosema hayo ni ya kale, vioo vya siku hizi ni vyepesi, vinasikia hata mguso wa unyoya. Sawa, kioo kimebadilika. Kidole ni kilekile. Ncha yake ina upana wa zaidi ya sentimita moja, na mstari mmoja wa jedwali la Excel kwenye laptopu ya kawaida una kimo cha karibu nusu sentimita. Mhasibu anayetaka kugusa mstari wa mauzo ya Jumanne anafunika Jumatatu na Jumatano kwa pamoja, na kidole chenyewe kinamziba asione alichogusa. Kishale cha kipanya kinaingia katikati ya herufi mbili. Tena kinaweza kusimama juu ya kitu bila kukibonyeza, ukasoma maelezo yake kwanza. Kidole hakina hadhi hiyo: ama hakijagusa, ama kimeshaharibu.

Dawa ya kidole kinene ni kunenepesha kila kitu kilichomo kwenye kioo, na dawa hiyo tumeshanyweshwa. Tarehe 26 Oktoba 2012 Microsoft walitoa Windows 8. Kitufe cha Start, ambacho watu walikizoea tangu 1995, kikaondolewa, na mahali pake ukafunguka ukurasa mzima wa vigae vya rangirangi, vikubwa kama vya bafuni, kana kwamba kila meza ya ofisi duniani ilikuwa na kioo cha kugusa. Meza nyingi hazikuwa nacho. Watu wakawa wanatafuta hata pa kuizimia mashine. Mwaka mmoja baadaye kitufe kikarudi, na ilipotoka Windows 10 mwaka 2015, menyu yake nayo ikarudi.

Steve Jobs, mtu aliyeuza vioo vya kugusa kuliko wengi, alilisema hili hadharani Oktoba 2010: kampuni yake ya Apple ilikuwa imelipima ikaona kwamba sehemu ya kugusia haitaki kusimama wima, inataka kulala. Ndiyo maana Apple walitia nguvu zao kwenye tachipedi, ule mraba ulio chini ya kibodi. Hiyo nayo ni tachi. Tofauti ni kwamba iko pale mkono ulipo tayari, kiganja kimeegemea, na macho hayazibwi. Laki na nusu yangu ingenipatia laptopu yenye tachipedi bora, au RAM ya kutosha nisisubiri faili lifunguke huku nakunywa chai.

Sina ugomvi na kugusa kwenyewe. Karani wa sensa ya 2022 alisimama mlangoni mwako na kishikwambi mkononi. Ungempa kipanya angekiweka wapi? Mchoraji anayelaza kioo mezani na kuchora kwa kalamu yake ana haki zote. Mashine ya kukatia tiketi unaigusa mara nne unaondoka. Vitu hivyo vinashikwa, vinalazwa, au vinaachwa haraka. Laptopu iliyofunguliwa mezani haimo humo.

Na mtoto anayegusa kila kioo, hata cha televisheni, si ushahidi wa tunakoelekea? Nimemwona, ni wa dada yangu. Anajaribu pia kufungua friji kwa kusema nayo.

Jirani na ninapokaa kuna stesheneri. Wanachapa barua, wanatoa kopi, wanapasi vitambulisho kwenye plastiki. Mwaka jana mwenye duka alileta laptopu ya tachi akidhani amemwinua dada anayechapa. Siku moja nilikuta mzee anachapiwa barua ya mgogoro wa shamba. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha dada, anafuata maneno kwa kidole, na kidole kilikuwa kimetoka kwenye kitumbua.

"Hapa, mwanangu. Ni Mkuranga. Umeandika Mkurunga."

Akagonga kioo mara mbili kuonyesha neno. Laptopu ikaelewa ilivyofundishwa: neno likachaguliwa lote. Dada, macho kwenye kibodi, akabonyeza herufi aliyokuwa anaiendea, na wilaya nzima ikapotea ikabaki "a". Akairudisha. Mzee akagonga tena, chini zaidi, penye jina la mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti naye akaondoka.

"Shikamoo mzee, nakuomba," dada alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi, "onyesha kwa mdomo tu."

"Marahaba. Lakini nitaonyeshaje kwa mdomo, na neno liko hapo?" Akagonga.

Wiki iliyofuata fundi alipita akaizima ile tachi kwenye mipangilio, kazi ya dakika mbili. Sasa wateja wanagonga watakavyo na barua zinabaki salama. Dada ameweka kipande cha kanga pembeni ya kibodi, na kila baada ya wateja watatu wanne anafuta mafuta ya vitumbua kwenye kioo, anashika kipanya, anaendelea kuchapa.