Tairi zuri liende mbele, jamani

Najua nimeadimika humu, testi zilinibana, na mkono wenyewe (mtaelewa mbele kidogo) ulikuwa hautaki kuchapa maneno mengi. Nimerudi na hoja ya tairi. Ndiyo, tairi la baiskeli. Usikimbie, hasa kama wewe ni mwalimu mtarajiwa na bumu likiingia unawaza kununua baiskeli ya kwendea mazoezi ya kufundisha huko milimani.

Chanzo ni ubishi wa Jumapili iliyopita kibarazani kwetu. Kuna dada mmoja wa mwaka wa pili, mtu wa hesabu, amejipatia baiskeli ya mtumba, ile ya mlimani yenye springi mbele, rangi nzuri, gia zinaingia zote. Akaileta tuione. Kila mtu akawa anabonyeza springi, boing boing, safi sana! Mimi nikainama kuangalia matairi. La nyuma lilikuwa jipya kabisa, bado lina vile vinywele vya mpira. La mbele kipara. Nikamwuliza, dada, mbona hivi? Akajibu kwa kujiamini: "La nyuma ndilo linaloisha haraka kaka, ndiyo maana nimeweka jipya huko."

Nilinyamaza kidogo. Jibu hilo hilo nililitoa mimi mwaka jana, neno kwa neno.

Mwaka jana nilipangiwa shule moja ya kata upande wa Mgeta, kwenye Uluguru. Chumba nilipata kijiji cha juu, shule iko chini, na katikati kuna njia ya miguu inayoshuka kwenye matuta ya kabichi na karoti. Bodaboda ilikuwepo, lakini kwenda na kurudi kila siku hela ingeishia njiani. Nikachukua baiskeli yangu, ile ambayo wengine mnaijua, tuliyokuwa tukienda nayo Morningside Jumamosi. Kabla ya kuondoka nikapita kwa fundi mjini, nikanunua tairi moja jipya kwa sababu hela ilitosha moja tu. Mzee akashika tairi mkononi akaniuliza, "Hili niliweke wapi mwanangu?" Nikamwambia nyuma mzee, nyuma ndiko kunakoisha. Akaweka. Kosa ni langu, simsingizii mtu.

Wiki ya pili, asubuhi, nashuka. Ile njia ni udongo mwekundu uliokanyagwa hadi ukawa kama sakafu, na juu yake kuna vichangarawe vidogo vimetapakaa. Nikakata kona, mbele yangu mama kabeba tenga la mboga kichwani, njia yote yake. Nikakamata breki zote mbili. Gurudumu la nyuma likashika kama lilivyotakiwa. La mbele likaondoka tu, kama mtu amelivuta kwa kamba. Sikupata hata nafasi ya kutoa mguu. Nikatua kwa mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Mama wa watu akatua tenga lake akaja kuninyanyua, ananiambia pole mwalimu, huku mimi namwomba msamaha yeye. Tenga lilikuwa salama, asante Mungu.

Sasa fikiria mwalimu wa Jiografia na Kiswahili ambaye hawezi kushika chaki. Majuma matano! Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wanaandika ubaoni kwa zamu, mimi nasoma notisi kwa sauti. Kuna binti mmoja alikuwa ananisahihisha hadi alama za uandishi, mbele ya darasa. Mkaguzi kutoka chuoni alikuja siku mkono bado uko kwenye plasta. Maksi nilizopata nazijua mimi na Mungu wangu.

Basi nilikuwa na muda mwingi wa kukaa na kuwaza ile kona.

Nilichokielewa ni hiki. Ukifunga breki kwenye mteremko, uzito wako wote unahamia mbele. Gurudumu la mbele ndilo linalobeba kazi kubwa ya kukusimamisha, na ndilo linaloamua unaelekea wapi. La nyuma likiteleza, baiskeli inatikisa mkia kidogo, unashtuka, unaweka mguu chini, maisha yanaendelea. Sote imeshatutokea, wengine huwa wanafanya makusudi kuonyesha ujanja. La mbele likiteleza hakuna ujanja. Uko chini kabla hujajua kama unaanguka. Kwa hiyo ile hesabu ya "la nyuma linaisha haraka" ni kweli kabisa, la nyuma linaisha haraka kwa sababu linasukuma na watu wanaliburuza wakifunga breki. Ila hiyo ni hesabu ya mpira. Hesabu ya mifupa ni nyingine.

Kwa hiyo msimamo wangu, na mnaweza kunirushia mawe: tairi bora ulilonalo liende mbele. Siku zote. La mbele likianza kuchoka ndipo lihamie nyuma likamalizie maisha yake, na jipya lije mbele. Hivyo hakuna kinachopotea, hela ni ile ile.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawakuambii: kushika na kudumu ni vitu viwili vinavyogombana. Mpira laini unang'ang'ania jiwe na mzizi, lakini unaisha kama sabuni. Mpira mgumu unadumu, unakuvusha mwaka na zaidi, lakini kwenye jiwe lenye umande unateleza kama samaki. Matairi ya kampuni kubwa wakati mwingine yanatajwa na namba ya ugumu, mfano 60a au 42a, na ndogo ndiyo laini. Wapo pia wanaochanganya, mpira mgumu katikati na laini pembeni, lakini hayo bei yake tusiongelee. Kwa hela yetu, njia ni kugawana: laini mbele, gumu nyuma. Nyuma ndiko kwenye msuguano na uzito wako ukiwa umekaa, acha uvumilivu ukae huko. Matairi mengi dukani hayana namba yoyote, basi tumia kucha ya dole gumba. Bonyeza kashata, yaani vile vinundu vya mpira. Kucha ikizama kidogo na alama ikarudi taratibu, huo mpira una uhai. Ikiwa ni kama unabonyeza kisahani, rudisha kwa mwenyewe.

Hapo ndipo matairi ya mtumba yanapowaponza watu. Unakuta kashata ndefu, nzuri, kama jipya, bei nusu. Lakini limekaa miaka mingi kwenye banda huko lilikotoka, mpira umekauka. Likunje ubavuni uangalie: ukiona nyufa ndogo ndogo kama za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, achana nalo. Langu la mbele lililoniangusha halikuwa kipara kama la huyu dada. Lilikuwa na kashata za kutosha tu. Lilikuwa limekauka. Nilidanganywa na sura.

Kashata zenyewe nazo zina maneno yake. Za katikati ni za kusukuma na kufunga breki, za pembeni ni za kona, na za pembeni ndizo watu hawaziangalii kabisa. Tairi ambalo katikati lina mstari laini na pembeni vinundu viwili vitatu vya mapambo ni la lami, hata kama kwenye karatasi limechorwa mlima na theluji. Kwa udongo wetu wa masika unaonata, unataka vinundu virefu vilivyoachana, ili tope lidondoke wenyewe gurudumu likizunguka. Vikibanana, ndani ya mita hamsini umevaa viatu vya tope. Kiangazi ni kinyume, kwenye njia ngumu yenye vumbi vifupi vilivyosogeleana vinashika vizuri zaidi. Huwezi kununua ya misimu miwili, najua, kwa hiyo mbele weka vile vya wastani, vyenye nafasi. Na angalia mshale ubavuni kabla fundi hajafunga, mengi yana upande wa kuzungukia.

Tukiwa bado kwa fundi, jamani someni namba. Watu wananunua "ishirini na sita" au "ishirini na nane" kwa kutaja mdomoni, wakifika nyumbani haliingii. Angalia ile namba ya pili yenye tarakimu tatu, mfano 54-559. Hiyo 54 ni upana kwa milimita, na 559 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Baiskeli nyingi za mlimani za zamani ni 559. Zile za kisasa zinazoitwa 29 ni 622. Na Phoenix ya babu, 28 kwa moja na nusu, ni 635. Sasa utaona 28 na 29 mtu anadhani 29 ndiyo kubwa, kumbe rimu ya Phoenix ndiyo kubwa! Mwenzetu mmoja alishawahi kulazimisha kwa bisibisi mbili hadi akatoboa tyubu mpya.

Upepo sasa, na hapa sihitaji hela yako hata shilingi. Tuna tabia ya kujaza mpaka tairi linalia ukiligonga. Ubavuni pameandikwa MAX 65 PSI na sisi tunasoma kama amri. Hiyo ni mwisho wa kuvumilia, siyo kiasi cha kujaza. Tairi gumu kama jiwe linadunda juu ya jiwe mwenzake badala ya kulikumbatia. Mimi nina kilo 62, tairi zangu ni inchi 2.1 na natumia tyubu, naweka 28 mbele na 32 nyuma. Ukishuka mno nako kuna adhabu: tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na inatoboka matundu mawili yaliyo sambamba, kama umeumwa na nyoka. Ukiona hayo mawili usilaumu mwiba, ongeza upepo kidogo.

Na miiba ipo! Huku juu siyo sana, ila ukishuka tambarare, mbigili wanakusubiri. Dawa ya kienyeji inafanya kazi: kata ukanda kutoka tyubu nene iliyokufa, utandaze ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu nzima. Kunakuwa kuzito kidogo, weka nyuma tu kama unapenda wepesi. Ubavu ukichanika na jiwe, kipande cha tairi kuukuu kwa ndani kitakufikisha nyumbani. Haya mambo ya kuendesha bila tyubu na maji ya gundi ndani ni mazuri kweli, lakini yanataka rimu yake na tairi lake, kwa mitumba yetu tuyaache kwanza.

Wale wa springi, najua mnasubiri kunijibu. Mimi siikatai springi. Nasema tu, ukiwa na hela ya kitu kimoja, tairi kwanza. Wale vijana wa California walioanzisha mashindano ya kushuka mlima ya Repack, mwaka 1976, hawakuwa na springi wala breki za diski. Walikuwa na baiskeli nzito za kizamani, nyingi breki yake ni ya kurudisha pedali nyuma, na ilikuwa inapata moto hadi grisi inaungua, inabidi uijaze upya, ndiyo asili ya hilo jina. Kilichowafanya wazichague zile ni matairi manene ya inchi 2.125. Mchezo wote huu ulianzia kwenye mpira unaogusa udongo.

Mtu mmoja kibarazani alinibana vizuri hata hivyo. Alisema, kaka, mwanafunzi wa hela ya kuunga ananunua anachokikuta, huwezi kumwambia abonyeze kucha duka zima. Ni kweli, na sina jibu zuri. Mwaka jana nilikuwa na hela ya tairi moja na mwaka huu hali ni hiyo hiyo. Lakini swali la mzee fundi, "niliweke wapi", halikuwa na bei. Jibu lolote lilikuwa bure, na nilichagua lile lililonifikisha hospitali.

Yule dada wa hesabu hakukubali pale pale. Alitaka nimwonyeshe, watu wa hesabu mnawajua. Tukaenda kwenye kile kishuko nyuma ya viwanja, chenye changarawe, nikamwambia ashuke taratibu afunge breki ya mbele peke yake, kidogo kidogo. Mara ya pili tu gurudumu lilisogea pembeni kama inchi tatu hivi, akatoa mguu, uso ukabadilika. Hakusema kitu. Tuligeuza matairi jioni hiyo hiyo, spana na kijiko cha bwenini, dakika arobaini kwa sababu mkono wangu bado haukazi vizuri.

Jumamosi hii tunapandisha Morningside kama kawaida, saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale getini. Yeye anakuja. Mwenye pampu yenye geji aje nayo, yangu imekufa.