Vyuo vya Pwani vituonyeshe miti iliyoshika, si picha za upanzi

Februari iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu kurudi chuoni. Kaskazi ilikuwa imekaza, jua linachoma tangu saa tatu asubuhi. Tulibeba ndoo mbili zenye vifuniko na mtungi wa lita 20, kwa sababu alikuwa ametuambia kwamba bweni lao lina siku tatu halina maji. Chuo chenyewe sikitaji. Nitakayoyasema yanaweza kuwa ya chuo chochote kuanzia Lungalunga hadi Lamu.

Langoni kulikuwa na bango kubwa lenye picha ya mche mkononi mwa kijana na maneno ya kusifu kampasi ya kijani. Hatua chache nyuma ya bango palikuwa na uwanja wenye safu za vijiti, na kila kijiti kina kibao chenye jina la mgeni aliyepanda mti pale. Nilihesabu vibao 31. Miti iliyokuwa hai ilikuwa minne, na mmoja katika hiyo ulikuwa mwarobaini uliojiotea wenyewe.

"Mjomba, hiyo ni ya siku ya wageni," mpwa wangu akaniambia. "Tulipanda, tukapigwa picha, tukapewa soda. Baada ya hapo hakuna aliyeambiwa ni zamu yake kumwagilia."

Na angemwagilia kwa maji gani, ilhali ya kuoga yenyewe tunamletea kwa ndoo?

Ndugu msomaji, sisemi haya kuwavunja moyo vijana. Mimi ni mtu wa diploma, si mwanasayansi, lakini hesabu ya kujumlisha na kutoa naijua. Siku hizi kila chuo kikuu hapa nchini kinajinadi kwa utunzaji wa mazingira, na si jambo baya. Ninachouliza ni kama kuna anayerudi kuhesabu baada ya sherehe.

Desemba 2022 serikali ilianzisha mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti. Tarehe 10 Mei 2024, baada ya mafuriko kuua watu wengi nchini, tukapewa nyingine ya kuwakumbuka waliofariki na kupanda miti tena. Katika siku kama hizi kinachotangazwa ni idadi ya miche iliyoingia ardhini. Idadi ya iliyobaki hai mwaka mmoja baadaye hatuisikii.

Kwa sisi wa Pwani kuna tatizo la ziada, nalo ni majira. Mche uliopandwa Novemba hupata vuli ya wiki chache tu. Kisha huja kaskazi, Desemba hadi Machi, jua kali na mchanga mkavu. Bila mtu wa kuumwagilia hadi masika, mche huo umeshakufa. Mkulima yeyote wa Kilifi au Msambweni anajua hili bila kwenda chuo. Katika sherehe hizi hupenda kusomwa ile hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuhusu mwenye mche mkononi Kiyama kinaposimama, kwamba aupande akiweza. Ni mafundisho mazuri mno. Lakini Kiyama hakijasimama, na mche una kesho yake, na kesho hiyo inataka maji.

Sasa tutoke chuoni, twende Gazi, kule Kwale. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni ambayo misitu hiyo inaihifadhi, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zimesaidia maji na shule za vijiji hivyo. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2019 wenzao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wa kwao, wenye hekta 460.

Kuna wanaosema biashara ya kaboni inawaruhusu matajiri wa Ulaya kuendelea kuchafua hewa kwa kulipa kidogo. Hoja hiyo ina uzito, na siku nyingine tutaijadili. Leo nataka tuangalie jinsi Gazi wanavyofanya kazi. Hawalipwi kwa kupanda. Wanalipwa kwa miti iliyosimama. Kuna maeneo maalumu ya vipimo ambako vigogo hupimwa unene, ripoti hupelekwa kila mwaka, na baada ya muda mkaguzi wa nje huja kuangalia kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo. Msitu ukipungua, na fedha zinapungua.

Na wasomi wamo ndani ya kazi hiyo. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina kituo pale Gazi, na Dkt. James Kairo na wenzake wamekuwa wakijaribu kurudisha mikoko hapo tangu miaka ya 1990, wakishirikiana na chuo kikuu cha Edinburgh Napier cha Scotland. Walijifunza kwa kukosea na kurudi tena. Mlilana hukaa mbele karibu na bahari, mkoko katikati, mkandaa na mchu juu zaidi. Ukipanda mkoko mahali pa mchu kwa sababu ndio miche uliyoipata, maji ya bamvua yatakuonyesha kosa lako. Elimu ya chuo ilizaa matunda Gazi kwa sababu wenye elimu hawakuondoka baada ya picha.

Basi hapa ndipo ninapoona aibu. Mvuvi na mama muuza samaki wa Gazi wanatoa hesabu kila mwaka, ilhali chuo chenye maprofesa na maabara kinatutolea picha.

Kisheria hali haikupaswa kuwa hivi. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inazitaka taasisi za umma za serikali ya kitaifa ziwe na kitengo cha masuala hayo chini ya afisa wa ngazi ya juu, na zitoe ripoti kila mwaka. Vyuo vikuu vya umma ni taasisi za umma. Mzazi anayelipa karo, na jirani anayeishi ukutani mwa chuo, wana haki ya kuuliza ripoti iko wapi na inasema nini.

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo yaliyonitia uchungu siku ile. Milimita moja ya mvua juu ya paa la mita mraba moja ni lita moja ya maji. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Ukumbi wa mihadhara wenye paa la mita mraba 1,000 unapokea basi karibu lita milioni moja. Toa sehemu ya tano kwa yanayomwagika, zinabaki lita 800,000, sawa na maboza 80 ya lita 10,000. Kweli huwezi kuyahifadhi yote, maana mengi huanguka kati ya Aprili na Juni na matangi ni ghali. Lakini hata ukiokoa robo yake, ni maboza 20 usiyoyanunua, kutoka paa moja tu. Chuo kina mapaa mangapi? Mengi ya hayo hayana hata mfereji wa kukinga maji. Mvua inamwagika uani, inaingia mtaani kwetu kama mafuriko, na baada ya miezi miwili boza linaitwa.

Wazee wetu hawakuwa hivi. Nenda Gede, kwenye mji uliojengwa mamia ya miaka iliyopita, utaona kisima na birika la udhu kwenye msikiti mkuu. Walijua kwamba watu wakikusanyika mahali pamoja, jambo la kwanza ni kupanga maji yao.

Kisha stima. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalisemi wazi. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kwa hivyo chuo kikiweka sola, faida kwa tabianchi ipo lakini si kubwa kama inavyotangazwa. Faida kubwa iko kwenye bili. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka sola ya kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, kwa mkopo, na kikaingia mkataba wa kuiuzia Kenya Power umeme wa ziada. Madarasa, maabara na kompyuta hutumika mchana, jua linapowaka. Ni matumizi yanayoendana na sola kuliko ya nyumba zetu zinazowasha taa usiku. Kwa vyuo vya umma vinavyolia madeni ya mabilioni, shilingi isiyokwenda kwenye bili ni shilingi ya mhadhiri au ya kitanda cha mwanafunzi.

Uchafuzi hasa wa chuo uko mahali ambapo kamera haiendi. Uko kwenye jenereta ya dizeli inayonguruma stima ikipotea. Uko jikoni, kwa taasisi ambazo bado zinapika kwa kuni na hazikuulizi kuni hizo zimekatwa wapi. Uko pia kwenye pipa. Wali na maharagwe yanayomwagwa huchanganywa na chupa za plastiki na karatasi, vyote vikapakiwa lori moja. Mabaki ya chakula yakioza kwenye jaa hutoa methani, hewa inayoongeza joto kuliko kaboni. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Sisi wa Mombasa tuliishi na jaa la Kibarani mpaka likafungwa, na sasa mzigo wanaubeba watu wa Mwakirunge. Kila pipa ambalo chuo hakikulitenganisha linaishia kunuka mlangoni kwa mtu asiyekuwa na mtoto chuoni hata mmoja.

Nitajibiwa kwamba vyuo havina fedha. Ni kweli, hali ni ngumu, na sola na matangi makubwa yanataka mtaji. Lakini kuhesabu miti iliyo hai kunataka daftari na mwanafunzi mmoja mwenye kalamu. Kusoma mita ya maji kila mwisho wa mwezi ni bure. Kuweka mapipa mawili badala ya moja si jambo la bajeti ya mwaka. Na wanafunzi wako tayari. Nimewaona wakijitolea kusafisha fukwe siku za mapumziko, kwa nauli yao wenyewe. Wanachokosa ni mtu mwenye cheo wa kuwauliza mwezi unaofuata: kazi mliyoanza imefika wapi?

Kuna sababu nyingine inayonifanya nidai hesabu hii kwa ukali kidogo. Kile tunachokiita leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama MIOME, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Miongoni mwa waliotoa fedha za kukijenga ni Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Walitoa ili watoto wa Waislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi na kazi. Leo ni chuo cha umma cha Wakenya wote, na hivyo ndivyo inavyofaa. Lakini mali iliyoanza kwa nia ya sadaka ina adabu yake, na adabu ya kwanza ni mwenye kuiangalia kueleza ameitumia vipi. Nasema hivi kwa vyuo vyetu vyote, kwa sababu hata visivyojengwa kwa sadaka vimejengwa kwa kodi na karo, na hizo pia ni amana.

Ombi langu si kubwa. Kila chuo cha Pwani kibandike kwenye ubao wake, mahali mzazi na jirani wanaweza kusoma, hesabu tano za kila mwaka: miti iliyopandwa na iliyo hai baada ya miezi 12, lita za maji zilizonunuliwa na zilizokingwa, bili ya stima na dizeli ya jenereta, kuni zilizotumika jikoni, na taka zilizopelekwa jaani. Hesabu ikiwa mbaya mwaka wa kwanza, hatutawacheka. Gazi nao walianza kwa miche iliyokufa.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Kwenye mahafali tunavaa kanzu zetu nzuri, tunapiga vigelegele, tunarudi nyumbani. Safari hii, kabla ya kuondoka, pita kwenye ile miti yenye vibao. Hesabu iliyo hai. Kisha umuulize kwa heshima yeyote mwenye joho unayemkuta karibu: hii mingine ilikwenda wapi?

Mpwa wangu ameshaanza. Aliniambia juzi kwamba yeye na wenzake watatu wamegawana ile miti minne, kila mmoja wake, na wanaimwagilia kwa maji waliyofulia. Nimemwambia aandike tarehe.

Wabillahi tawfiq.