Kiingereza cha Sahani Hakitoshi



Sisi tunaohudumu katika mikahawa ya Kampala tulijifunza Kiingereza tukiwa na sahani mkononi. Mwalimu hakuwapo, mpishi alipiga kelele, nasi tukashika. Baada ya miezi michache tukajua oda, bili, chenji, na namna ya kumwomba radhi mgeni aliyeletewa supu ya baridi. Tajiri akaridhika.

Lakini hicho ni Kiingereza cha kupokea amri. Maneno ya likizo, ovataimu, makato na notisi hayasemwi jikoni. Hayo huja siku moja katika karatasi iliyopigwa chapa, na kalamu juu yake: tia sahihi hapa. Nanyi wenzetu wa viwandani na wa mashamba ya chai na miwa mnaijua karatasi hiyo.

Jirani zetu wa Kenya wameandika katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, kwamba mfanyakazi asiyeelewa lugha ya mkataba ni lazima mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Ni vizuri, ingawa mwenye kueleza ndiye mwenye karatasi.

Kwa hiyo twataka chama kidai darasa la Kiingereza ndani ya saa za kazi, mshahara ukiendelea. Dai hili si geni: Mkataba namba 140 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unahusu likizo ya masomo yenye malipo. Tena tusianze na menyu. Tuanze na ule mkataba tuliokwisha kuutia sahihi.