Asilimia 100 ya nani? Shule za Bunia zinalinganishwa vibaya

Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, Bunia inajaa poda. Wafinalisti wanamwagiwa kichwani, pikipiki zinapiga honi toka Mudzipela mpaka Saio, na kisha ya siku chache kalikoti inatundikwa kwenye mlango wa shule: asilimia 100. Mzazi anasoma na anaamua hapo hapo kwamba mtoto wake ataenda pale. Furaha ya watoto ni haki yao. Shida iko kwenye ile kalikoti.

Asilimia inasema kitu kimoja tu: kati ya wale waliofanya mtihani, ni wangapi walifikisha 50 juu ya 100. Haisemi ni wangapi walianza. Chukueni shule mbili, za mfano tu. Ya kwanza ilipokea watoto 60 kwenye kelasi ya kwanza ya humanités. Kisha ya miaka mine, 22 ndio walifika kwenye mtihani, na wote 22 wakapata diploma. Ya pili ilipokea 60 vilevile, ikapeleka 50, wakafaulu 35. Kalikoti itaandika 100 kwa ile ya kwanza, na ile ya pili itabaki na 70 yake, watu wakiicheka. Lakini ni shule gani iliyopatia mji huu diploma nyingi zaidi? Na wale watoto 38 wa shule ya kwanza wako wapi?

Wengine walihama na wazazi, ni kweli. Wengine waliambiwa kwa upole waende kumalizia kwingine, juu pointi zao zilikuwa chini. Na wengi waliachia njiani kwa kukosa minervali. Tangu mwaka wa 2019 serikali inasema masomo ya msingi ni bure, lakini sekondari wazazi wanaendelea kulipa. Binti aliyefukuzwa kelasi ya pili kwa deni hayuko kwenye orodha ya kelasi ya nne. Kwa hesabu ya kalikoti, hakuanguka. Hakuwahi kuwepo.

Hapa ndipo familia za wahami zinaumia zaidi ya wengine. Tangu Desemba 2017, vita vya Djugu vimesukuma watu mpaka Bunia, na shule nyingine zilihama nzima pamoja na walimu wao. Zinafundisha mchana, katika majengo ya kuazima, wenye jengo wakiisha kutoka. Kati ya walimu wao wamo wale wanaoitwa NU, ambao serikali haijaanza kuwalipa mshahara. Matokeo yao yanawekwa kwenye orodha moja na ya shule ya katikati ya mji ambayo haijapoteza hata benchi, kisha watu wanasema: "Wale hawafundishi."

Prefe anayeogopa kushuka kwenye orodha naye ana hesabu zake. Mtoto wa Kigonze aliyepoteza mwaka mzima akikimbia ni hatari kwa asilimia yake. Hatamwambia mzazi "hatutaki mhami". Atasema nafasi zimejaa. Au ataomba bulletini za miaka yote, akijua vizuri kwamba zilibaki ndani ya nyumba iliyochomwa. Shule iliyokubali kumpokea mtoto huyo ndiyo itaitwa dhaifu mwezi wa matokeo. Orodha namna hii inaazibu shule iliyofungua mlango na kusifu ile iliyoufunga.

Wengine watajibu: bila asilimia, mzazi atachagua kwa kutazama nini? Ni swali la haki. Shule ambayo watoto wake wanaanguka kila mwaka, na minervali inakusanywa kila mwezi, lazima iulizwe. Vita haielezi mwalimu anayekosa kelasi kila Ijumaa, na kuhama si ruhusa ya kufundisha vibaya. Lakini huwezi kumkamata mvivu kwa mizani inayodanganya, maana mizani hiyo hiyo inamficha mvivu mwingine: yule anayebakiza watoto 20 waliokuja tayari na akili zao, na kujisifu kwamba ni yeye aliyewafundisha. (Na tusiongeze mchezo wa kulinganisha sehemu ya pédagogie na ya scientifique kama vile mtihani ni mmoja.)

Dawa yake haiombi pesa ya wafadhili. Shule za serikali, ziwe za officiel au za makanisa, zinapeleka hesabu ya wanafunzi wao kwa wakubwa wa elimu. Divisheni ya elimu ya Ituri 1 na inspeksheni waandike, kando ya asilimia ya kila shule, idadi ya walioingia kelasi ya kwanza, idadi ya waliofika kwenye mtihani, wasichana wangapi, wahami wangapi, na walimu wangapi wanalipwa. Na redio za Bunia, zinaposoma majina ya shule zilizoongoza, zisome na hizo hesabu nyingine, hata kama tangazo litakuwa refu.

Kabla ya hapo, kamati za wazazi zinaweza kuanza. Kwenye mkutano wa kufungua mwaka, pale ambapo prefe anasoma matokeo na kisha anataja bei ya minervali, mzazi asimame kati ya hayo mawili na aulize: kelasi hii ilianza na watoto wangapi, na waliotoka walienda wapi?